Chokaa Haipandi Juu

Chokaa huanguka. Tangu mpakaji wa kwanza achovye brashi yake kwenye ndoo, chokaa imekuwa ikianguka: kwenye kofia ya mpakaji, sakafuni, na juu ya kila kilichosahauliwa pale chini. Haijapata kupanda. Kwa hiyo asubuhi ile Inspekta alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya ofisi yake, kichwa kikiwa katikati ya miguu minne ya kiti, akivitazama vidoa vyeupe vilivyokaa mahali ambapo havikuwa na njia ya kufika.

Vilikuwa upande wa chini wa kiti. Alikikwangua kimoja kwa ukucha, akakisugua kati ya vidole. Chokaa, kavu, ya juzijuzi, bado inaacha unga.

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Viatu vilivyong'arishwa vikasimama karibu na sikio lake.

"Umelala?" Mkuu wa Upelelezi aliuliza.

"Niko kazini, afande."

"Wenzako hufanya kazi wamekaa."

"Na usiku kucha walikikalia kiti hiki hiki, afande. Ndiyo maana hawakuona nilichokiona."

Alijitoa chini ya kiti taratibu, akajipangusa vumbi, akasimama. Pale kituoni walimwita Kobe. Jina hilo alilipata chuoni, siku ya mbio za wanawake, na hakulikasirikia hata mara moja. Kobe, alikuwa akiwaambia, hajawahi kurudi nyuma kuokota alichokidondosha.

"Gari la jeshi linakuja adhuhuri kumchukua seremala," Mkuu alisema. "Ujasusi. Akishaingia mahakama ya kijeshi, unajua anavyotoka."

"Kwa kamba."

"Basi nataka maungamo yake mezani kwangu kabla gari halijafika."

"Nitakuletea aliyefanya, afande. Maungamo atakuja nayo mwenyewe."

Mkuu alimtazama, akakitazama kiti, akatoka. Alikuwa amefanya kazi naye muda wa kutosha kujua kwamba Kobe akisema atakuletea, kilichobaki ni kumpisha njia.

Kisa chenyewe kilikuwa kimelipuka jana yake, lakini kilikuwa kimechemka miaka mingi bila kufurika. Dunia ilikuwa na wakubwa wawili. Mmoja ubalozi wake ulikuwa mlimani, wa pili bondeni, na watu wa mji, ambao hawakuwa na muda wa kutamka majina marefu, waliwaita hivyo hivyo: Mlimani na Bondeni. Mlimani walihubiri kwamba mali ni ya wote. Bondeni walihubiri kwamba kila mtu na chake. Hawakupigana. Kila mmoja alikuwa na makombora ya kumfuta mwenzake na chenji ikabaki, kwa hiyo walinuniana tu, na ugomvi wao wakautembeza kwenye nyua za watu wengine. Mlimani wakichimba kisima, Bondeni wanachimba kingine chenye pampu. Bondeni wakifungua sinema ya bure, Mlimani wanafungua maktaba yenye chai.

Mwaka ule wakakubali kukaa meza moja kuzungumzia kupunguza makombora, na wakauchagua mji huu kwa sababu haukuwa wa huyu wala wa yule. Ukumbi wa Baraza ukasafishwa. Viti vikapelekwa kwa seremala vikakazwe miguu. Siku ya kwanza, kabla hata chai haijamiminwa, mjumbe wa Bondeni alipitisha mkono chini ya kiti chake, akaibuka na kidude cha kunasia sauti, kidogo kama kifungo cha koti, chenye alama za kiwanda cha Mlimani. Bondeni wakasema wametegwa. Mlimani wakasema wamesingiziwa. Wakafokeana mpaka sauti zikakauka, na jioni, kwa mara ya kwanza tangu dunia igawanyike, wakakubaliana jambo moja: mwenye kosa ni seremala.

Sasa kiti kilikuwa ofisini kwa Kobe, na kidude kilikuwa mezani pake juu ya kipande cha kitambaa. Alikigeuza kiti, akakilaza, akawasha taa ya mezani. Pale kidude kilipong'olewa palikuwa na duara la gundi. Vidoa vya chokaa vilikuwa nje ya duara. Vilikuwa pia ndani ya duara, chini ya gundi, vimefunikwa nayo kama nzi waliozama kwenye asali. Akakigeuza kidude. Mgongoni kwake, kwenye gundi, kulikuwa na unga mweupe.

Gundi ilipakwa juu ya chokaa. Chokaa ilitangulia.

Kobe akazima taa, akaenda kumwona seremala.

*

Seremala alikuwa mtu mfupi mwenye unga wa mbao hata kwenye nyusi, na pingu hazikuwa zimempunguzia maneno.

"Afande, kama umekuja kunipiga, nipige upande huu. Ule mwingine wenzako wameshaumaliza."

"Nimekuja kukuuliza." Kobe aliweka mezani sanduku dogo la patasi mpya, mipini yake ikimeremeta. "Zimekutwa kwenye karakana yako. Zimetoka wapi?"

"Mlimani."

"Kwa kazi gani?"

"Kwa kupiga makofi." Seremala aliona Kobe habadiliki uso, akaendelea. "Walituita kwenye hotuba, mafundi wote wa mji. Ilikuwa ndefu, mama yangu. Ilianza na watumwa wa kale, ikaja na wakulima, na mpaka inafika kwetu maseremala nusu ya watu walikuwa wamelala. Aliyekaa mpaka mwisho akapewa sanduku. Mimi nilikaa mbele kabisa. Nilipiga makofi mpaka wenzangu wakanionea aibu."

"Na kalenda iliyo ukutani kwako?"

"Hiyo ya Bondeni. Wale hawagawi patasi. Wanagawa picha za watu wenye patasi nzuri kuliko zako."

Kobe hakucheka, ila alisogeza kiti chake karibu kidogo. "Juzi jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mkeo amekaa kwenye benchi hapo nje tangu alfajiri. Nimemwuliza."

Seremala alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu akamatwe, na askari wa mlangoni alichungulia kuona kama amezimia.

"Amesema nini?"

"Kwamba hukuwepo."

"Nilimwoa kwa sababu hajui kusema uongo," seremala alisema kwa unyonge. "Leo ndiyo naona faida yake. Haya. Nilikuwa sinema, kule Bondeni."

"Sinema ni ya bure na iko wazi kwa kila mtu. Umeficha nini?"

"Afande, nimekamatwa na patasi za Mlimani. Niseme tena kwamba jioni nilikuwa Bondeni? Mtu anayekula kwa majirani wote wawili, siku kijiko kikipotea, atashikwa nani?"

"Nani alikuona huko?"

"Sinema ni giza, mama yangu. Ndiyo sinema yenyewe."

Mpelelezi wa haraka angefunga faili hapo: zawadi za upande mmoja, uongo kuhusu upande wa pili, hana shahidi. Jana mpelelezi wa haraka alikuwa amelifunga hapo hapo. Kobe akauliza swali la mwisho.

"Viti ulivirudisha lini?"

"Wiki iliyopita. Miguu ilikuwa imelegea, nikaitia gundi, nikaibana, nikavirudisha. Sijakanyaga tena ule ukumbi."

"Na upande wa chini vilikuwa na madoa meupe?"

"Madoa?" Seremala akanyoosha mgongo. Alikuwa ametajiwa kitanzi tangu jana na hakuwa amekasirika hivi. "Kiti kikitoka kwangu, chini yake ni kama juu yake. Nimevipiga msasa vyote, nikavipaka vanishi mpaka mahali ambapo hakuna atakayepaona ila kunguni. Madoa gani? Nani kavichafua viti vyangu?"

"Ndiye ninayemtafuta," Kobe alisema, akainuka.

Nje, mke wa seremala alisimama kumpisha, mikono imeshika chombo cha chakula ambacho hakuna aliyekubali kukipokea. Kobe alimwambia askari wa zamu akipeleke ndani chakula kile, na chombo kirudi kikiwa kitupu.

*

Ukumbi wa Baraza ulikuwa umefungwa tangu ile rabsha ya jana. Mlangoni palikuwa na kufuli mbili na lakiri mbili za nta, nyekundu ya Mlimani na bluu ya Bondeni, na kila lakiri ilikuwa na mlinzi wake, na kila mlinzi alimlinda mlinzi mwenzake. Chini ya ngazi alikaa Mama Ufagio, mfagiaji wa ukumbi, ndoo pembeni, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja msibani akakuta maiti haijaletwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kama umekuja kuniuliza kama namfahamu seremala, wenzako wameshaniuliza. Nikasema ndiyo. Wakaondoka."

"Hawakuuliza kingine?"

"Kingine walikuwa nacho wenyewe."

Kobe alikaa naye kwenye ngazi. Kupitia dirisha refu la ukumbi ilionekana dari, nyeupe kama yai jipya.

"Dari ile imepakwa juzi jioni," alisema.

"Juzi jioni. Ilikuwa aibu. Hawa wa nyekundu waliitoboa wakitafuta nyaya. Hawa wa bluu wakaitoboa kando yake, wakitafuta nyaya za wale waliokuwa wakitafuta nyaya. Dari ikawa chujio. Ndipo akaletwa mpakaji akazibe na kupaka, mkutano ukiwa kesho yake."

"Na wakati anapaka, viti vilikuwa juu ya meza, miguu juu."

Mama Ufagio aligeuka kumtazama vizuri. "Ulikuwepo?"

"Hapana. Lakini chokaa haipandi, mama. Kama imekaa chini ya kiti, basi kiti ndicho kilichogeuka."

"Sasa kitakaa vipi? Jioni kila kiti kinapanda mezani, kinalala kifudifudi. Aliyenifundisha kazi alifanya hivyo, na aliyemfundisha yeye. Utafagia vipi chini ya meza na miguu ya viti imejazana kama magugu? Na kitambaa cha kukalia kikilala chini hakipati vumbi. Hata mpakaji alishukuru, hakuwa na haja ya kufunika. Alidondosha matone yake kwenye mbao, akasema, mama, hapo hapaonekani."

"Alipomaliza?"

"Tukatoka wote. Wakapiga kufuli zao na lakiri zao hapo hapo, hata tambara langu la deki limebaki ndani. Asubuhi wakafungua wenyewe, wa huku na wa kule. Viti bado viko juu. Walinzi wakaizunguka meza wakivichungulia matumbo, utadhani wanunuzi mnadani. Wakaridhika. Nikavishusha, nikavifuta, ndipo wakubwa wakaingia."

"Wakubwa hawakuviona vikiwa juu?"

"Wakubwa huja wakati kila kitu kimeshawekwa sawa, mwanangu. Wao wanajua viti vinazaliwa vimesimama."

Kobe alichukua kijiti akachora ardhini meza ndefu. "Na nani alipanga nani akae wapi?"

Mama Ufagio akacheka mpaka mlinzi wa bluu akageuka. "Hapo ndipo palikuwa na vita. Hakuna aliyetaka kuupa mlango mgongo. Mwisho wakapiga kura, vikaratasi ndani ya kofia ya askari. Kila mtu akakaa palipomwangukia."

Kobe akafuta mchoro kwa kiatu. Juzi jioni, chini ya kila kiti kulikuwa na matone mabichi ya chokaa na hakuna kidude. Usiku, ukumbi ulifungwa na pande mbili. Asubuhi, walinzi wa pande mbili waliyaona matumbo ya viti na hayakuwa na kitu. Baada ya hapo hakuna aliyejua nani angekalia kiti gani, mpaka alipokuwa ameshakikalia. Na mtu akishakaa kitini, mkono unaoweza kufika chini yake bila kuzua maswali ni mmoja tu.

Seremala ametoka kwenye shauri hili, aliona. Lililobaki ni kumpata aliyeingia. Tena ilimjia kwamba viti vingine vyote vilikuwa bado mle ndani, vimesimama vilivyoachwa jana, na hakuna aliyevigeuza.

"Mama," alisema, "leo utafagia?"

"Wakinifungulia."

"Watakufungulia."

*

Alipiga simu mbili. Kwa kila upande alisema sentensi moja tu: mwenzako anakuja ukumbini kutazama ushahidi. Ilitosha. Walifika kwa magari mawili yaliyokaribia kugongana getini kwa kugombea kuingia.

Mjumbe wa Bondeni watu walimwita Bwana Tabasamu. Alikuwa mrefu, amejifunza Kiswahili chake sokoni, na meno yake hayakupata kupumzika. Wa Mlimani walimwita Bwana Miwani. Alikuwa mnene, mpole, na Kiswahili chake alikitoa kwenye vitabu, kimepigwa pasi. Mkuu wa Upelelezi alikuja nyuma yao akijifuta shingo. Nje ya geti gari la jeshi lilikuwa limeshafika, na injini yake haikuzimwa.

Lakiri zikavunjwa. Ndani viti vilikuwa kama vilivyoachwa, vingine vimesukumwa nyuma kwa hasira ya jana. Kobe aliingia na kile kiti cha ushahidi, akakirudisha mahali pake.

"Dada yangu," alisema Bwana Tabasamu, "sisi biashara hii tumemaliza. Mtu mnaye. Mnangoja nini?"

"Swali dogo, bwana, kisha nawaachia. Jana asubuhi walinzi wako waliukagua ukumbi kabla hujaingia?"

"Waliukagua? Walinzi wangu wanaukagua hata ulimi wangu kabla sijaongea."

"Na viti?"

"Kimoja kimoja. Chini, juu, pembeni."

Kobe alimgeukia mwingine. "Na walinzi wako, bwana? Au wao waliwaachia wenzao kazi hiyo?"

Bwana Miwani alinyooka kama aliyetukanwa nasaba. "Ndugu Inspekta, walinzi wetu ndio waliotangulia kuingia. Walikagua kila kiti kwa uangalifu mkubwa kuliko wa yeyote aliyemo humu. La sivyo ningeketi?"

"Na hawakuona kitu."

"Hawakuona kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu."

Bwana Tabasamu alikuwa wa kwanza kusikia alichokisema mwenyewe, lakini neno lilikuwa limeshatoka, na neno likitoka halirudi kinywani.

"Seremala alivirudisha viti wiki iliyopita," Kobe alisema. "Kama kidude kilikuwa kazi yake, nyie wawili mmeniambia sasa hivi kwamba walinzi wenu ni vipofu. Mimi siamini kwamba ni vipofu. Mama, fagia."

Mama Ufagio akatemea viganja vyake, akaanza upande wa dirishani. Akashika kiti, akakipindua, akakilaza mezani kifudifudi. Tumbo lake lilikuwa na matone meupe kama nyota. Akashika cha pili. Cha tatu. Wale mabwana walitazama mwanzo kwa kuchoka, kisha kwa kutoelewa.

"Anafanya nini huyu?" Bwana Miwani aliuliza.

"Kazi yake, bwana. Anavigeuza hivi kila jioni. Juzi vilikuwa hivi mpakaji alipodondosha chokaa. Jana asubuhi vilikuwa hivi walinzi wenu walipovikagua. Hakuna mtu wa mji huu anayeweza kuficha kitu chini ya kiti cha ukumbi huu. Ni sawa na kukificha juu ya meza."

Alikipindua kile cha ushahidi yeye mwenyewe, akaonyesha duara la gundi na vidoa vilivyozama ndani yake, kisha akakitoa kidude mfukoni, akakiweka pembeni, mgongo juu, unga mweupe ukionekana. "Hiki kiligandishwa juu ya chokaa kavu. Kiligandishwa jana, baada ya walinzi kutoka, na aliyekalia kiti hiki jana humu ukumbini alikuwa mtu mmoja tangu mwanzo mpaka mwisho."

Tabasamu lilikuwa bado usoni mwa mwenyewe, lakini sasa lilikuwa pale peke yake, kama koti lililosahauliwa ukutani.

"Ahaa," alisema Bwana Miwani, na sauti yake ikanawiri. "Ahaa. Basi dunia nzima itasikia. Walijitega wenyewe, wapate kisingizio cha kukimbia mazungumzo. Ndugu Inspekta, Mlimani inakushukuru kwa niaba ya wafanyakazi wote wa..."

Mama Ufagio alikuwa amekifikia kiti chake.

"Hicho kiache," alisema Bwana Miwani.

"Nipishe, baba, nifagie."

"Hicho nitakiinua mwenyewe, baadaye. Kina... mguu wake ni mbovu."

"Mguu wake umekazwa wiki iliyopita na fundi hodari," Kobe alisema. "Mwenyewe ameniapia."

Bwana Miwani aliweka mkono wake mnene juu ya egemeo. Mama Ufagio aliweka wake kando yake. Alikuwa amehamisha viti vile miaka mingi kuliko wajumbe wote walivyovikalia, na hakuna aliyeshangaa ni nani alishinda. Kiti kikapanda mezani. Kwenye tumbo lake, katikati ya matone ya chokaa, kilikaa kidude kidogo kama kifungo cha koti, chenye alama za kiwanda cha Bondeni.

Mkuu wa Upelelezi alivuta kiti cha karibu ili akae, akakumbuka, akakitazama chini kwanza.

Kobe alikibandua kidude kwa ukucha, akakilaza kando ya pacha wake. "Jana ulikuwa unangoja chai ndipo ukigundue," alimwambia Bwana Miwani. "Mwenzako hakungoja chai. Rabsha ikaanza, ukumbi ukafungwa, na chako kikabaki ndani." Akawageukia wote wawili. "Kila mmoja alikuja na kidude cha mwenzake mfukoni. Kila mmoja alitaka kuondoka, ila aonekane amefukuzwa. Mkapishana kwa kikombe kimoja cha chai."

"Dada yangu," Bwana Tabasamu alisema taratibu, "bei gani?"

"Hapa hapauzwi kitu, bwana."

"Ndugu," Bwana Miwani alisema, "kwa maslahi ya amani, huenda mambo haya yangebaki..."

"Nje kuna gari la jeshi," Kobe alimkata. "Limekuja kumchukua mtu kwa neno lenu. Jana mlikubaliana kwamba mwenye kosa ni seremala. Tokeni mkakubaliane tena mbele ya afisa wa gari lile kwamba hana kosa, wote wawili, kwa sauti. Kisha rudini, mama ameshamaliza kufagia, mkae mzungumze habari ya makombora yenu. Mkifanya hivyo, mimi na afande tuna kazi nyingi, tutasahau kuandika. Akiondoka mmoja wenu mjini kabla ya mazungumzo kwisha, nitakumbuka."

Mkuu alikohoa. Kikohozi chake hakikupinga neno lolote.

Walitazamana, wale wakubwa wawili, kwa muda mrefu kuliko walivyowahi kutazamana. Kisha wakaenda mlangoni. Mlango ulikuwa mwembamba, na hakuna aliyetaka kutangulia akampa mwenzake mgongo, wala aliyetaka kufuata. Wakapita pamoja, bega kwa bega, wamejikaza kama soksi mbili katika kiatu kimoja.

Dirishani Kobe aliwaona wakimfikia afisa. Aliona mkono mrefu ukinyooka na mkono mnene ukinyooka, wote upande mmoja. Afisa akapiga saluti mara mbili. Injini ya gari la jeshi ikanguruma, na gari likageuka likiwa tupu.

*

Seremala alifunguliwa pingu mbele ya mkewe. Mwanamke yule alipokea chombo chake kitupu, akakikagua ndani, ndipo akamtazama mumewe.

"Sinema," alisema.

"Ilikuwa ya bure."

"Na mimi nilikuwa wapi nisiitwe kwenye cha bure?"

Seremala aliona hapo hakuna jibu la kumwokoa, akamgeukia Kobe. "Afande, Mungu akuzidishie. Lakini viti vyangu. Nitakuja kesho na msasa niyatoe yale madoa."

"Usiyaguse. Bila yale madoa tungekuwa tunakuchagulia kamba."

"Basi nitayapaka vanishi juu yake," alisema baada ya kufikiri. "Yakae vizuri."

Waliondoka. Mpaka kona ya barabara sauti ya mwanamke ilisikika, na sauti ya seremala haikusikika kabisa.

Mkuu alimkuta Kobe mezani. Vile vidude viwili vilikuwa mbele yake juu ya kitambaa, vimelala ubavu kwa ubavu. Kutoka upande wa Ukumbi wa Baraza walikuwa wameletewa habari kwamba chai imemiminwa, na kwamba watu wote wamekaa, baada ya kuchungulia chini.

"Mafahali wawili," Mkuu alisema, akivitazama. "Utaviweka wapi?"

Kobe alifungua droo ya meza, akaviingiza vyote pamoja.

"Ngoja. Vimekufa hivyo?" Mkuu alishusha sauti. "Au bado vinasikia?"

"Sijui, afande." Kobe aliifunga droo kwa goti. "Lakini kama vinasikia, acha visikilizane. Si ndicho walichokuja kufanya huku?"